Kuwafundisha Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili Kukunja Kikombe cha Karatasi

Anza na kikombe, kwa kuwa mikunjo yake ni michache na kikikamilika hubeba njugu. Chagua karatasi ya mraba ya sentimita 20 au zaidi, yenye rangi upande mmoja, ili uweze kusema "rangi ikae chini" badala ya kutaja kulia na kushoto, maneno yanayowachanganya wengi. Keti ubavuni mwa mwanafunzi, maana anayekutazama uso kwa uso huona kila mkunjo kinyume. Onyesha mkunjo mmoja, nyamaza, msubiri. Usimshike mkono bila ruhusa yake, wala usimsemeshe kama mtoto wa chekechea. Ambaye vidole vyake havina nguvu aukandamize mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Kona zisipokutana sawasawa, ziache: njugu hazitamwagika.