Mswada wa mbwa ukifika kaunti yenu: namna ya kutoa maoni yakasikilizwa

Nazalisha German Shepherd hapa Juja, majike matatu tu, na vikao vya maoni nimehudhuria vya kutosha kujua anayesikilizwa ni nani. Si mwenye sauti kubwa.

Jua kwanza mlango wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa kaunti udhibiti na maslahi ya wanyama, leseni za mbwa zikiwemo. Kwa hiyo mambo ya leseni na ada mpelekee MCA, yaani mwakilishi wa wadi yako katika bunge la kaunti, si mbunge. Ukatili kwa wanyama una sheria yake ya kitaifa, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Usimalize dakika zako ukiomba kaunti ikataze jambo ambalo tayari ni kosa.

Nakala ya mswada iombe kwa karani wa bunge la kaunti. Muhtasari wa WhatsApp achana nao, nimesikia watu wakipinga kwa jazba kifungu ambacho hakimo. Anza na sehemu ya tafsiri, ile inayoeleza maana ya maneno, uone mzalishaji ni nani kisheria. Ikiandikwa ovyo, nyanya mwenye mbwa mmoja aliyebeba mimba bila mpango atatakiwa leseni ya biashara.

Sasa andika, ukurasa mmoja. Kila lalamiko liwe na nambari ya kifungu, kasoro yake, na maneno unayotaka yawekwe mahali pake. Hapo kwenye maneno mbadala ndipo wengi wetu huishiwa, basi azima. Kanuni za England za 2018 zinasema mwenye leseni asipandishe jike kabla ya miezi 12, asilizalishe zaidi ya mara moja kwa miezi 12 wala zaidi ya mara sita maishani, na watoto wasiuzwe kabla ya wiki 8. Tangu Aprili 2020, wachuuzi wa kati huko hawaruhusiwi kuuza mbwa wa chini ya miezi sita. Mnunuzi huenda kwa mzalishaji mwenyewe na kumwona mama akiwa na watoto wake.

Mimi hulipigania hili la mwisho. Anayeuza watoto wa mbwa kando ya barabara, kwenye buti la gari, hana mama wa kuonyesha. Ukipandisha ada, huyo haimgusi. Inaniumiza mimi ambaye banda langu linajulikana na kadi za chanjo ziko ukutani.

Watetezi wa wanyama watafute kabla ya kikao. Wao watataka mbwa koko wafungwe uzazi kwanza, na kwa kweli hoja hiyo haina ubaya. Mkikubaliana hata kifungu kimoja, tuseme cha chanjo ya kichaa cha mbwa, kiwasilisheni pamoja.

Siku yenyewe beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Mbwa mwache nyumbani, tafadhali.

Baadaye itishe ripoti ya kamati. Maoni yako yakikosekana humo, mwandikie karani haraka, kabla mswada haujafika Kamati ya Bunge Zima, yaani wajumbe wote wakikaa kama kamati, maana huko ndiko vifungu hurekebishwa.