Umefanya intavyuu na simu hailii? Fuatilia hivi

Nimekaa miaka upande wa kuajiri kwenye hoteli za huku Malindi na Watamu, na kila msimu naona vijana wazuri wanapotea hivi hivi kwa sababu baada ya intavyuu wanarudi nyumbani wanasubiri simu. Jama, kimya si jibu. Mara nyingi aliyekuhoji hana neno la mwisho, mwenye hoteli yuko Italia hajasema kitu, na meneja anaona haya kukupigia wakati hana la kukwambia.

Hatua ya kwanza inaanzia mle mle ndani kabla hujainuka kitini. Uliza: "Majibu yatatoka lini, na nikitaka kuulizia nimtafute nani?" Andika siku na namba hapo hapo. Watu wanaogopa hili swali eti wataonekana wana haraka, wallahi mimi nikiulizwa hivyo nafurahi, najua huyu kazi anaitaka.

Hatua ya pili, jioni ile ile tuma asante. Mistari miwili inatosha.

Hatua ya tatu ndo yenyewe. Siku uliyoambiwa ikipita ongeza siku mbili tatu za kazi halafu andika, na kama hukupewa siku ngoja wiki moja. Iwe hivi:

"Salaam. Mimi ni (majina yako mawili), nilikuja intavyuu ya kazi ya mapokezi Jumanne ya wiki iliyopita saa nne asubuhi. Nliambiwa majibu yatatoka Ijumaa. Kazi bado naitaka na niko tayari kuanza. Naomba kujua uamuzi umefikia wapi."

Jina, kazi gani, siku gani, ahadi yao, ombi moja, basi. Meneja amehoji watu wengi, ukimwandikia "boss vipi ile kazi" hajui wewe ni yupi na hatakaa kukutafuta kwenye mafaili. Usitume meseji ya sauti, usitume salamu tupu ukangoja aitike, na ukiona tiki za buluu hajajibu mwache siku hiyo.

Hatua ya nne, baada ya siku kama tatu piga simu, mara moja. Hotelini asubuhi ni chai ya wageni na wanaoondoka, mchana ni chakula, saa tisa alasiri ndo watu wanapata pumzi. Ijumaa kuanzia saa sita acha, wengi wako msikitini.

Hapa kuna jambo wageni wa hii kazi hawalijui: Aprili mpaka Juni mvua za masika zinanyesha, hoteli nyingi zinafunga au zinabaki na watu wachache, kwa hivyo intavyuu ya Mei huenda ni ya kazi itakayoanza Julai na hapo kimya kirefu ni kawaida kabisa. Muulize moja kwa moja, "Hii nafasi ni ya sasa au ya msimu ukifunguka?" Akisema ya msimu, omba ruhusa umkumbushe katikati ya Juni, na huku nyuma endelea kuomba kwingine.

Akitokea mtu anakwambia kazi ni yako ila utume kitu kidogo kwa M-Pesa faili lisogee, usitume hata shilingi. Nenda hotelini mwenyewe ukaulize.

Kama ni kazi ya kaunti au ofisi yoyote ya serikali una nguvu zaidi. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inakuruhusu raia wa Kenya kuuliza kwa maandishi uajiri wa ile nafasi umefikia wapi, kwa Kiswahili inakubalika na kuomba hulipi, nao wana siku 21 za kukujibu. Taja nafasi na tarehe ya intavyuu, peleka kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri kwamba imepokelewa, maana siku hizo zikiisha bila jibu nakala hiyo ndo utakayoambatisha na malalamiko yako kwa ofisi ya Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali.