Tuisheni ya bure: tafuta kwanza mtoto alipokwama

Nimefundisha hesabu kwa muda mrefu, na tuisheni za bure nimeziona za kila aina. Zinazokufa mapema hufanana. Watu wenye moyo mzuri wanapata chumba, wanatangaza kwamba wenye shida waje, wanakuja watoto arobaini wa madarasa mchanganyiko, na mtu anasimama ubaoni kurudia somo lilelile walilolisikia asubuhi shuleni. Aliyelielewa asubuhi anazidi kulielewa. Aliyeachwa anaachwa mara ya pili, safari hii bila malipo.

Kama nia yako ni kupunguza pengo kati ya watoto waliojaliwa na wasiojaliwa, fanya hivi.

Watafute mwenyewe

Tangazo humfikia kwanza mtoto ambaye mzazi wake ana muda wa kusoma matangazo. Hana kosa, ila siye uliyemkusudia. Mimi huenda kwa mwalimu wa darasa na kumuuliza: ni akina nani ambao ukiwapa aya fupi waisome kwa sauti watakwama? Huwa anaanza kutaja majina kabla sijamaliza kuuliza.

Kisha zungumza na mzazi au mlezi. Usianze na faida za elimu, anazijua. Muulize mtoto ana kazi gani nyumbani na saa ngapi, mpange muda usiogongana nazo. Anayelea wadogo zake jioni hatakuja jioni hata umwekee mwalimu bingwa. Shule ikikubali kukupa kipindi ndani ya ratiba yake, kipokee kwa mikono miwili. Mpango wa hesabu wa shirika la Saga Education katika shule za sekondari za Chicago, Marekani, ulijengwa hivyo: mwalimu mmoja, wanafunzi wawili, kila siku ya masomo, kama kipindi kingine chochote.

Na tafadhali, kikundi kisiitwe cha "wazito" wala cha "walio nyuma". Watoto wana masikio.

Dakika kumi za kupima

Hapa ndipo uweke nguvu zako nyingi. Mkalishe kila mtoto peke yake, mbali na wenzake. Kwa kusoma, mpe herufi, halafu maneno, halafu aya fupi, halafu hadithi fupi. Pale anapokwama ndipo utakapoanzia. Shirika la Pratham la India limetumia ngazi kama hizi kwa miaka mingi, likiwapanga watoto kwa wanachokiweza bila kujali wako darasa la ngapi. Ukimkuta wa darasa la sita bado yuko kwenye maneno, shangaa moyoni tu.

Kwa hesabu, mpe 52 − 27. Akiandika 35, usimwambie amekosea. Sema, "Hebu nieleze ulivyofanya." Atakwambia 5 toa 2 ni 3, na 7 toa 2 ni 5. Kumbe katika kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa, hajali ipi iko juu. Mtoto huyu hakuzembea. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu, na ukimpa maswali mengine ishirini ya kutoa utakuwa unamzoesha kanuni hiyohiyo. Mletee vijiti: mafungu matano ya kumikumi, na viwili pembeni. Mwambie akupe vijiti saba, akianza na vile viwili. Atakwama, atayatazama mafungu, atafungua moja. Hapo ndipo "kukopa" kunapopata maana.

Anayesema 0.45 ni kubwa kuliko 0.8 anasoma 45 na 8 kama namba nzima. Anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Huyo wa pili muulize ipi kubwa, nusu au 2/5, kisha nyamaza. Akigundua mwenyewe kwamba ameanza na nusu, akaongeza kitu, akaishia na kidogo kuliko nusu, atakuwa tayari kukusikiliza.

Daftarini andika kosa lenyewe. "Alama 4 kati ya 10" haimsaidii mwalimu wa kesho kupanga chochote. "Anatoa ndogo kwenye kubwa" inamsaidia.

Kikundi na mwalimu wake

Watoto wawili au watatu. Wanne ndio mwisho wangu. Wawe wa ngazi moja hata kama madarasa yao ni tofauti, ingawa kijana aliyekwisha vunja sauti usimchanganye na watoto wa darasa la tatu. Atatoroka, na mimi nisingemlaumu. Wawe na mwalimu yuleyule, siku zilezile, mara tatu kwa wiki, kama nusu saa au zaidi kidogo. Saa tatu za mfululizo mwisho wa wiki hazifanyi kazi hiyo.

Unapotafuta wa kujitolea, shahada iache mwisho. Muulize: utakuja siku hizi mpaka muhula uishe? Mwanachuo asiyekosa namtaka kuliko mtaalamu anayekuja akipata nafasi. Nchini Italia, shule zilipofungwa mwaka 2020, wanafunzi wa vyuo vikuu walijitolea kuwafundisha mtandaoni, saa chache kwa wiki, watoto wa shule za kati waliotoka katika familia zenye shida, wakisimamiwa na wataalamu wa ualimu. Matokeo ya watoto yalipanda. Usimamizi huo ulikuwa sehemu ya kazi, kwa hiyo na wewe tafuta mwalimu mzoefu wa kukaa na hao vijana mara kwa mara na kupitia madaftari yao.

Masharti ya usalama hayana mjadala. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na ujumbe wa simu upitie kwa mzazi. Anayeona masharti hayo yanamvunjia heshima, mshukuru na umuage.

Kipindi chenyewe

Mwanzoni madaftari yafungwe, waulize cha kipindi kilichopita. Mtu akijikakamua kukumbuka, somo hukaa kuliko akilisoma tena. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha hilo kwa majaribio waliyoyachapisha mwaka 2006. Baada ya hapo fundisha jambo moja tu, na kalamu ishikwe na mtoto. Ukipita ukakuta mwalimu ndiye anayeandika, ujue anayefanya mazoezi ni mwalimu. Malizia kwa swali moja, kila mtoto ajibu peke yake kwa maandishi. Jibu hilo ndilo litakalopanga kipindi kijacho.

Kazi ya nyumbani ya shule itakujaribu. Mtoto anaogopa kuadhibiwa kesho, na wewe una huruma. Mpe dakika chache, basi. Ikimeza kipindi, mtoto aliyekwama kwenye kutoa atabaki ananakili majibu ya milinganyo asiyoielewa, na siku ya mtihani hutakuwa karibu yake.

Kuna watoto huwezi kuwakusanya mahali pamoja. Kwa hao simu ya kawaida yatosha. Botswana mwaka 2020 walijaribu kutuma maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi, na kwa familia nyingine wakaongeza kupiga simu ya kama dakika ishirini kila wiki, mzazi akiwa karibu. Waliopigiwa waliendelea vizuri. Kwa waliopata ujumbe peke yake hakukuonekana tofauti ya maana. Kwa hiyo piga.

Kupima tena

Baada ya wiki kama sita, rudia kipimo kilekile kwa maswali mapya. Asiyesogea, kabla hujasema lolote juu ya akili yake, mwombe asome kitu kilichoandikwa mbali, kisha mwite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Macho na masikio huficha mengi. Kama ni mzima, badili njia, pengine hata mwalimu.

Usiwaahidi wazazi miujiza. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa na mwalimu wake peke yake huwapita karibu asilimia 98 ya wanaofundishwa darasani kwa kawaida. Tafiti zilizofuata zilipata faida ndogo kuliko hiyo, ingawa bado ni miongoni mwa njia zenye nguvu zaidi zinazojulikana. Mwambie mzazi kwamba mwanawe ametoka kwenye maneno akafika kwenye aya, kisha mpe mtoto aisome hiyo aya mbele yake.

Walimu wa kujitolea watapungua, hasa majira ya mitihani yao wenyewe. Wakipungua, punguza idadi ya watoto, usiguse idadi ya vipindi. Ni vigumu kumwambia mzazi asubiri, lakini mtoto anayeonana na mwalimu mara moja kwa wiki ndani ya kundi la kumi anarudishwa kule ubaoni. Weka orodha ya wanaosubiri, na kila anayesoma hadithi fupi mpaka mwisho bila kukwama ampishe anayefuata.