Jinsi ya kujihoji kila usiku kwa njia ya Seneca
Seneca, mwanafalsafa wa Kistoa (falsafa ya kuongozwa na akili badala ya hisia kali) aliyefariki mwaka 65 BK, alikuwa na desturi ya kuipitia siku yake yote mara taa inapoondolewa na mkewe anaponyamaza. Nawe, kabla ya kulala, jiulize maswali aliyojifunza kwa Sextius, mwanafalsafa wa Kirumi aliyemtangulia: leo nimetibu kasoro gani, nimepinga ovu lipi, nimekuwa bora katika jambo gani? Usijifiche neno. Ukikumbuka kwamba ulimwonya mwenzako waziwazi kupita kiasi hata akaudhika badala ya kurekebika, kosa ambalo Seneca mwenyewe alilikiri, yataje maneno yale yale uliyoyatamka. Kisha jisamehe kwa sharti la kutolirudia. Mimi huyaandika daftarini, na kesho yake asubuhi huusoma ukurasa huo kabla ya kutoka.