Namna ya kumimina na kuzimua kemikali kali kazini

Dumu la asidi lililofungwa vizuri na kukaa mahali pake halimsumbui mtu. Hatari huanza kizibo kinapofunguliwa: unamimina kutoka dumu kubwa kwenda dogo, unazimua (unaipunguza nguvu kwa maji), unarudisha kilichobaki. Mwongozo huu ni wa dakika hizo chache.

Anza kwa kusoma. Karatasi ya taarifa za usalama inayoambatana na kemikali ina sehemu 16. Ukibanwa na muda, usiache hizi nne: sehemu ya 4 (huduma ya kwanza), ya 6 (ikimwagika), ya 8 (vifaa vya kinga) na ya 10 (vitu ambavyo haipaswi kukutana navyo). Zisome kabla ya kuvaa glavu, kwa sababu jicho likishaanza kuwaka hutaweza kusoma chochote.

Miwani iwe ile inayobana uso pande zote, na kwa asidi au kostiki soda ongeza ngao ya uso juu yake. Vaa aproni ya mpira na gambuti, halafu suruali ipite nje ya gambuti. Ukiichomeka ndani, tone linaloteremka mguuni litaingia kwenye buti na kubaki humo likila ngozi. Kuhusu glavu, hakuna jozi moja inayofaa kila kazi: za naitraili huhimili mafuta na petroli, lakini asetoni huzipenya upesi, kwa asetoni tafuta za mpira wa butaili. Kabla ya kuvaa, ziba mdomo wa glavu ikiwa na hewa ndani, ikamue, usikilize kama inavuja. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Mvuke unahitaji kichujio kilichotengenezwa kwa aina hiyo ya mvuke, na kichujio hujaa, kwa hiyo hubadilishwa.

Sasa dumu lenyewe. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20, lakini lita 20 za asidi ya salfa ya asilimia 98 zinakaribia kilo 37. Mtu aliyezoea dumu la maji hulinyanyua kwa mkono mmoja, linamvuta, linamwagika. Tumia pampu ya mkono. Kama huna, chota kiasi kidogo kidogo au mtafute mwenzako, na kazi yote ifanyike ndani ya beseni pana la plastiki linaloweza kubeba zaidi ya kilichomo dumuni.

Ukilazimika kuinamisha dumu la pembe nne ambalo mdomo wake uko upande mmoja, ligeuze ili mdomo ukae upande wa juu, usiwe chini karibu na chombo unachojaza. Wengi hufanya kinyume. Mdomo ukiwa chini, kimiminika huuziba wote, hewa inakosa njia ya kuingia, dumu linaanza kugugumia, na kila gugumio linarusha matone usoni. Mdomo ukiwa juu, hewa hupita juu ya mkondo na kimiminika hutoka kwa utulivu. Jaribu kwanza kwa dumu la maji, utaona tofauti mara moja.

Kuzimua kuna kanuni isiyo na mjadala: maji kwanza, asidi baadaye. Asidi ya salfa hutoa joto kali inapokutana na maji. Maji machache yakimiminwa juu ya asidi nyingi huchemka papo hapo na kuirusha asidi nje. Tia asidi kwenye maji baridi, kidogo kidogo, ukikoroga kwa kijiti cha plastiki, na usubiri ipoe kila inapopata joto. Kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 33, lita 1 kwenye lita 3 za maji hutoa mchanganyiko wa takriban asilimia 9. Kostiki soda nayo hutiwa kwenye maji baridi, kamwe si moto. Usiikorogee kwenye sufuria ya alumini, kwani huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ngozi ikihisi utelezi kama wa sabuni, kostiki imeshaanza kugeuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Suuza hapo hapo, hata kama hakuna maumivu.

Blichi isikutane na asidi hata kwa mabaki ya faneli. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nzito kuliko hewa, inayotambaa sakafuni na kujikusanya sehemu za chini. Kila kemikali iwe na faneli yake na pampu yake. Na kizibo cha dumu la blichi chenye tundu la kupumulia usikibadilishe kwa kizibo kizima, maana blichi hutoa oksijeni polepole na dumu litavimba.

Kemikali ikirukia jicho, fungua kope kwa vidole na usuuze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali, ukiwa na karatasi ya taarifa mkononi. Usijaribu kuiua asidi ya jichoni au ya ngozini kwa magadi: joto la mmenyuko linaongeza jeraha. Nguo zilizolowa zivuliwe maji yakiendelea kutiririka. Sakafuni, asidi kidogo inaweza kumwagiwa magadi ya kupikia kuanzia pembeni kuelekea katikati hadi povu liishe. Usifyonze asidi ya nitriki iliyomwagika kwa pumba za mbao, zinaweza kushika moto.

Chombo kidogo ulichojaza kibandikwe lebo kabla hujakiweka chini: jina la kemikali, nguvu yake kwa asilimia, alama ya hatari na tarehe. Chupa ya maji ya kunywa au soda haitumiki kamwe, hata kwa dakika tano, kwa sababu atakayeingia baada yako ataona chupa ya kinywaji. Ukimaliza, osha glavu zikiwa bado mkononi, zivue kwa kuzigeuza ndani nje, kisha nawa mikono.