Kukereza silinda na pistoni ya injini ndogo ya mvuke

Wengi huanza na gurudumu kwa kuwa ndilo linalopendeza. Wewe anza na silinda. Injini hii haina vali, silinda yenyewe ndiyo inayoyumba. Yangu nimeikereza bandani uani, Chake Chake, kwa shaba ya shafti kuukuu ya boti. Vipimo vyote ni milimita.

1. Silinda. Kata kipande cha urefu wa 36, kipenyo 25. Kitoboe kingali duara, taya za mashine zimekibana: keekee ya 9.7, kisha rima, chombo cha kulainisha tundu, ya 10. Shaba hung'ang'ania keekee kama pweza, basi makali yake yapunguze kidogo kwenye jiwe. Mimi nilivunja tatu ndipo nikaelewa.

2. Pistoni hufuata tundu. Ikereze ifike 10.03, kisha ingali inazunguka isugue kwa msasa namba 600 na mafuta ya cherehani hadi iingie. Ifute vizuri. Ziba mdomo wa silinda kwa kidole, ivute pistoni, iachie. Ikirudi yenyewe, imekaa. Ikidondoka, kereza nyingine. Usijidanganye kwamba mafuta yataziba.

3. Ubavu. Piga tupa upande mmoja hadi ukuta ubaki 4. Tandaza msasa juu ya kioo, chora mistari ya wino ubavuni, sugua hadi yote ifutike. Nguzo inayobeba silinda nayo ifanye hivyo hivyo pale inapogusana na ubavu huu. Mvuke ukivuja hapa, hakuna kitakachozunguka.

4. Matundu. Toka egemeo la silinda, yaani bolti inayoyumbia, hadi kitovu cha krenki, mkono unaozungusha gurudumu, weka 40. Mkono wa krenki 10. Kumi kwa arobaini ni robo. Tundu la mvuke ubavuni mwa silinda likiwa 12 juu ya egemeo, husogea robo ya 12, yaani 3, kila upande. Basi nguzo itoboe 3 kushoto na 3 kulia, keekee ya 2.5. Pistoni ikifika mwisho wa safari, matundu yote mawili ya nguzo hufungika. Tundu la bolti ya egemeo lisizidi kina cha 3, usije ukatokea ndani.

5. Kifuniko cha silinda kichomelee kwa risasi. Gurudumu lolote zito la kipenyo cha 60 latosha.

Umeme ukikatika unakereza, zima swichi na urudishe kisu nyuma kabla hujatafuta tochi.

Jaribu kwa pampu ya baiskeli, gurudumu ulisukume kwa kidole. Likizunguka kinyume, hamishia mpira wa pampu tundu la pili la nguzo.