Linokati ya rangi tatu kwa bamba moja, bila mashine

Linokati ni picha inayochapwa kwa bamba la lino (linoleamu, zulia gumu laini la kuchonga) lililochongwa. Kwa njia hii bamba huchongwa, huchapwa, kisha huchongwa tena mpaka karibu liishe. Ukishachonga kwa ajili ya rangi ya pili, huwezi kuongeza hata nakala moja, kwa hiyo hesabu hufungwa siku ya kwanza. Ukitaka nakala 10 nzuri, anza na karatasi 14.

Lino ya sm 20 kwa 25 inatosha, na karatasi za sm 30 kwa 35, gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Karatasi nzito zaidi inataka mashine ya kuchapia. Kijiko cha kusugulia nakala hakitaikandamiza vya kutosha. Plastiki ya kutandika sakafuni, ile inayouzwa kwa mita, nayo inachongeka, ila chagua iliyo laini juu: yenye vishimo itavitoa vishimo hivyo kwenye kila nakala.

Asubuhi za Juni na Julai hapa Lubumbashi zina baridi na lino hukakamaa. Patasi inateleza na kuingia kidoleni. Anika lino juani dakika 10. Mkono unaoshika bamba ukae nyuma ya patasi siku zote.

Kwa picha dhahania, usianze na umbo la kitu. Panga kwanza sehemu nyeupe, za kati na nyeusi. Mwenze Kibwanga, aliyefanya kazi katika karakana ya sanaa ya Mfaransa Pierre Romain-Desfossés iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1946, alijaza picha zake kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba. Alikuwa mchoraji wa rangi, lakini itazame mistari hiyo: patasi yenye ncha ya V inaitoa kwa mkuno mmoja.

Chonga kinachobaki cheupe, kisha chapa njano. Chonga kinachobaki njano, chapa kijani cha malakiti, lile jiwe la kijani la shaba. Mwisho chonga kinachobaki kijani, chapa nyeusi. Gundisha kartoni mbili kwa pembe ya mraba mezani, bamba likae hapo hapo kila mara, na weka alama za kona za karatasi. Kosa la milimita moja linaonekana.

Wino wa mafuta, ule wa wachapaji wa mjini, tandaza mwembamba juu ya kioo. Sikiliza rola: ikinong'ona kama mafuta yanayoanza kuchemka, uko sawa, ikinata kwa kelele nzito, wino umezidi na mistari myembamba itazibwa. Madoa meupe kama chumvi ni dalili ya wino mchache au kijiko kilichopita haraka. Sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kutoka katikati kwenda nje, ukiinua kona moja kuangalia.

Kati ya rangi ngoja siku 2 hadi 4. Msimu wa mvua huenda ikawa wiki. Kuchapa juu ya wino mbichi huchubua rangi ya chini. Kiangazi wino hukauka upesi, lakini vumbi jekundu hutua juu yake, basi tundika nakala ndani. Safisha bamba kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni. Petroli si ya chumba kilichofungwa.

Andika kwa penseli chini ya picha: kushoto 3/10 (nakala ya tatu kati ya 10), katikati jina la kazi, kulia sahihi na mwaka. Wino wa kalamu hufifia. Zilizoharibika zichanwe siku hiyo hiyo, maana mnunuzi akikuta ya kumi na moja, zile 10 hazina bei tena.